Kupandisha kwa Kaka, Kushusha kwa Dada

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku juu tupo, wazima wa kutosha. Goti la Mama limetulia tangu aache kubishana na daktari. Sasa anabishana na mimi, na goti linapumzika. Anakusalimu sana. Anasema hajauona uso wako tangu mwaka juzi, na kama umenenepa hataki kuambiwa na watu baki.

Utashangaa kupata barua. Nilitaka kupiga simu, nikakumbuka mara tatu za mwisho. Mara mbili ulinikatia, mara moja nikakukatia, na hakuna siku tuliyofika kwenye jambo lenyewe. Simu inataka jibu hapo hapo, na majibu yetu ya hapo hapo, mimi na wewe, huwa hayafai. Barua mtu akiiona mbaya anaichana na kuanza upya. Hii ni ya nne. Nampa Mfupi, yule dereva wangu mkongwe, anashuka kesho na viazi.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka tulivyogawana kazi ya Baba. Malori kumi na manne, saba kwako, saba kwangu. Mpaka hapo tulikuwa na akili zetu. Halafu tukagombania wateja. Wewe ukasema hutaki kukutana na mimi mlangoni kwa mteja hata mmoja, mimi nikasema basi, chukua mizigo yote ya kupanda huku, niachie yote ya kushuka huko mjini. Tukaandika, tukatia sahihi, Baba Mkubwa akawa shahidi. Kupandisha kwa kaka, kushusha kwa dada. Mwalimu wa hesabu wa miaka kumi na tisa nilikaa pale nikatia sahihi kwamba gari langu likishusha mzigo lirudi tupu. Miaka mitatu sasa malori yangu matupu yanapishana na malori yako matupu, na madereva wanapungiana mikono.

Sasa kiwanda cha mafuta ya kula cha huko kwenu kinatafuta wa kukibebea mwaka mzima: alizeti kushuka, madumu ya mafuta kupanda. Wanataka mbebaji mmoja wa njia zote mbili, mwenye magari yasiyopungua kumi na mawili. Maombi yafike kabla Mei haijaisha. Wale wenzetu wa magari meupe wana arobaini, na wakiipata hii kazi watachukua na viazi vyangu na saruji yako. Sikufichi, mambo yakienda hivi, mwisho wa mwaka nauza magari, na madereva walioachwa na Baba sijui nitawaangaliaje usoni.

Saba na saba ni kumi na nne. Fikiria, uniandikie.

Dada yako,
Mwalimu

*

19 Februari

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 4 FEBRUARI

Shikamoo dada,

Husika na somo tajwa hapo juu. Barua yako niliipokea tarehe 6. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naisoma.

Hapa nyumbani sote ni wazima. Mwambie Mama sijanenepa, ni mashati yamepungua. Kijana wetu kaingia darasa la sita. Mdogo wake, yule binti, ana miaka saba na maswali ya mtu wa sabini. Juzi aliniuliza babu yake alikuwa mtu gani. Nikamwambia alikuwa dereva mwenye mbio kuliko wote. Alikuwa akiondoka alfajiri na mzigo mpaka mjini, na jioni yuko mezani anakula na sisi, wakati baba za wenzetu wanalala njiani. Unakumbuka tulivyokuwa tukijisifu shuleni? Njia ile ile leo madereva wangu wanaichukua kutwa nzima kwenda tu. Magari ya siku hizi hayana nguvu.

Kuhusu kiwanda, wazo si baya. Ila mimi nilikuwa karani wa forodha, na karani huuliza kwanza. Mkataba utakuwa kwa jina la nani? Dereva wako akipata ajali na mzigo wa kampuni mbili, bima itamsikiliza nani? Mteja akilalamika atampigia nani? Na gari langu litafuata amri ya yadi ipi? Haya ni maswali ya kawaida, usiyachukulie kwa ubaya.

Halafu kuna maneno uliyoyasema siku ile ya kugawana, mbele ya Baba Mkubwa. Sitayarudia. Nayataja tu ili ijulikane kwamba sijayasahau.

Jambo dogo la mwisho. Uliandika kwamba barua unampa Mfupi. Mimi nimekabidhiwa na Nguzo, dereva wangu mwenyewe. Si kitu, ila napenda kujua karatasi imepita mikononi mwa nani.

Wako mtiifu,
Karani (mdogo wako)

*

3 Machi

Mdogo wangu mtiifu,

Barua yako nimemsomea Mama. Nilipofika kwenye hiyo YAH akaniuliza kama tumeshtakiwa. Nikamwambia hapana, ni mwanao anasalimia.

Tumefurahi kusikia habari za watoto. Huyo binti aletwe huku, maswali yake yatapata saizi yake kwa Mama. Huku mvua zimeanza vizuri. Shemeji yako ameziba paa la stoo mwenyewe, na sasa panavuja sehemu mbili badala ya moja.

Maswali yako ni mazuri na nimeyajibu kwenye karatasi ya pembeni, kwa mpangilio, kama mtihani. Jina lako litangulie kwenye mkataba, sina shida. Mteja akilalamika apige kwako akiwa huko, kwangu akiwa huku. Bima tutakaa nayo. Yadi ipi itaamuru ipi ndilo swali gumu, na nakiri sijalipatia jibu.

Maneno ya siku ile tuyaache pale pale yalipo.

Kuhusu barua, nimemuuliza Mfupi. Anasema alikutana na Nguzo kwa mama wa chai pale mizani, katikati ya safari, akampa kwa sababu Nguzo alikuwa anawahi kufika huko. Aliyasema haya yote huku anaangalia tairi.

Na kabla sijasahau, huyo Nguzo ana urefu gani hasa? Nauliza tu.

Nijibu kabla mwezi haujaisha. Fomu za kiwanda zina kurasa kumi na moja na zinataka sahihi zetu sote.

Dada yako,
Mwalimu

*

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Mama hajambo.

Mwezi unaisha na sijaona jibu. Nilichopata ni habari, na nimeipata kwa muuza vipuri, si kwako. Anasema meneja wa magari meupe alionekana uwanjani kwako, akakaa barazani saa mbili, akanywa chai mara mbili. Mtu hanywi chai ya pili kwa mwenyeji anayemkatalia.

Kama umewauzia, niambie mwenyewe. Nitaumia, lakini nitaumia nikijua. Usiniache huku nimejaza kurasa kumi na moja kama mpumbavu.

Mama sijamwambia.

Mwalimu

*

8 Aprili

YAH: KUTOUZA

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, na anasema barua yako ya mwisho amesoma yeye kwanza, kisha akaiweka juu ya sahani yangu wakati wa kula.

Sijauza. Nakuambia hilo kwanza ili upumue.

Ila ni kweli walikuja, na ni kweli nilimwongezea chai. Walitaka magari yangu saba yaingie kwao, yapakwe rangi yao, na mimi nibaki na ofisi na mshahara. Sitakudanganya, dada, kalamu niliishika. Nimechoka. Tangu tugawane nimekuwa nikiamka na wasiwasi na kulala na wasiwasi, nikijikaza kisabuni ili watu wasiseme karani ameua kazi ya baba yake. Yule meneja aliongea kwa upole, na mtu aliyechoka akiongeleshwa kwa upole anaweza kutia sahihi chochote. Nikamwambia anipe wiki mbili.

Kwao dereva analala bwenini majuma matatu kila mwezi. Nikaona ni haki niwaambie madereva wangu. Nikaanza na Nguzo. Akasema, "Bosi, mimi miaka yote nimelala kwangu. Siwezi kuanza leo."

Nikamuuliza, "Umelala kwako vipi, na gari likipanda huko linalala huko huko?"

Akakohoa. Akasema alikuwa anamaanisha kimoyomoyo.

Sikumbana. Ila nilibaki nikiwaza, na kesho yake nikampigia meneja nikamwambia hapana. Hiyo ndiyo sababu nimechelewa. Nilikuwa naona aibu kukuandikia kabla sijasema hiyo hapana.

Sasa sikiliza. Nimepata wazo kuhusu lile swali gumu, yadi ipi iamuru ipi. Limenijia bafuni, kutoka kichwani mwangu mwenyewe. Je, kama dereva wako akishuka na mzigo mpaka mizani tu, katikati, na wangu akapanda na mzigo mpaka hapo hapo, wakabadilishana magari? Wako anachukua gari langu anapanda nalo kwake, wangu anachukua gari lako anashuka nalo kwake. Mizigo inafika kule kule, siku ile ile. Kila yadi inaamuru watu inaowaona kwa macho. Kila dereva jioni yuko kwake. Usinicheke, najua ni wazo la mtu asiyewahi kushika usukani.

Mdogo wako,
Karani

*

8 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijui barua hii naiandikia mtu aliyeuza au ambaye hajauza. Naiandika hivyo hivyo.

Mama anaendelea vizuri. Amegundua kwamba kuna jambo, kwa sababu nimeosha madirisha yote.

Kwanza, samahani kwa barua ile kali. Pili, nilisema maneno ya siku ile tuyaache, na leo naona yamekaa hapo muda mrefu sana. Nilisema mbele ya watu kwamba karani hajui gari, anajua mihuri. Nilikuwa nimemzika baba yangu siku tisa kabla. Nilitaka mtu aumie pamoja na mimi, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Haikuwa kweli, na hata ingekuwa kweli haikuwa ya kusema pale. Nisamehe, mdogo wangu. Sikusema mapema kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na nilidhani mkubwa husubiri kuombwa.

Kama umeuza, samahani hiyo ni yako vile vile, haihusiani na magari.

Kama hujauza, nina wazo. Limenijia nikipanga vyombo, wala hakuna aliyeniambia. Tunasumbuka kwa sababu kila gari linatoka mwanzo mpaka mwisho na dereva mmoja, linakwenda kulala ugenini kwenye yadi isiyo yake. Je, kama wangekutana katikati, pale mizani, wakabadilishana magari? Wangu arudi huku na gari lako na mzigo wako, wako arudi huko na langu. Kesho yake wanarudishiana. Dereva hachoki, mke wake hanuni, na wewe na mimi kila mmoja anasimamia uwanja wake bila kuingiliana. Kiwanda kinataka mzigo ufike ndani ya siku moja. Kwa mtindo huu utafika, na aliyeushika usukani hajasinzia.

Nadhani Baba angelipenda wazo hili. Sijui kwa nini nasema hivyo.

Dada yako,
Mwalimu

*

14 Aprili

YAH: MAWAZO MAWILI YANAYOFANANA KUPITA KIASI

Shikamoo dada,

Barua zetu zimepishana njiani kama malori yetu. Yako imefika kwangu saa ile ile ambayo, kwa hesabu zangu, yangu ilikuwa inafika kwako. Nimesoma mstari wa vyombo nikamwita wifi yako, nikamwonyesha nakala ya barua yangu, mstari wa bafuni. Amecheka mpaka akakaa chini. Kasema, "Nyinyi wawili ni mwongo mmoja."

Kabla ya hilo, samahani yako nimeipokea. Niliisoma nikiwa nimesimama uwanjani, na ilibidi nijifanye nakagua taa za gari. Mimi pia nina yangu. Ile kusema sitaki kukutana na wewe mlangoni kwa mteja, nilisema ili unishike mkono uniambie niache upuuzi. Hukunishika, ukaleta karatasi. Tangu hapo nimekuwa nikingoja tu, na kungoja kwangu kulikuwa kwa YAH.

Sasa niungame. Wazo silo langu. Mwanzoni mwa Machi Nguzo alirudi na gari lake kutoka huko juu. Nikaingia ndani kuchukua hati ya mzigo, nikakuta mto nyuma ya kiti cha dereva. Mto mnene, wa kitambaa cha maua, wa kumwinua mtu apate kuona barabara. Nguzo akikaa wima tu kichwa kinagusa dari la gari. Akikalia mto ule itabidi atoboe. Katika madereva wote wa barabara ile ninayemjua anayehitaji mto ni mmoja.

Nikaelewa. Mto sikumtajia Nguzo na wewe sikukuambia; lile swali langu la kulala kwake lilikuwa la mtego. Kwa bima ni kosa, na niliogopa ukijua utamfukuza Mfupi, nawe huwa unafukuza kwanza. Basi mto nikauficha kabatini kwenye mafaili, na kila siku nilikuwa nauangalia. Nikaanza kuchunguza. Gari la Nguzo halijagongwa miaka mitatu. Hajaniomba ruhusa ya kuumwa hata mara moja. Wale wanaolala njiani kwa majirani zangu, kila mwezi gari moja liko mtaroni.

Mto nakurudishia pamoja na barua hii. Mpe mwenyewe, na usimfukuze.

Wewe je, vyombo vilikuambia nini?

Karani

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo na wote? Fomu nimetia sahihi, ziko ndani ya bahasha kubwa. Ukurasa wa saba nimeandika kwamba madereva wote kumi na wanne wataandikishwa bima kwa magari yote kumi na manne. Hapo hatutavunja sheria ya mtu. Zipeleke kiwandani mwenyewe, ukiwa umevaa shati linalokuenea.

Vyombo havikuniambia kitu. Kiti ndicho kilichosema. Mwishoni mwa Februari nilipanda kwenye gari la Mfupi kutafuta risiti, nikakuta reli ya kiti imechubuka mpaka mwisho wa nyuma, kwa kusukumwa kila mara. Mfupi, na kiti kikiwa mbele kabisa, bado anakanyaga breki kwa ncha ya kidole. Aliyekuwa akikisukuma hivyo ni mtu mwenye miguu ya twiga. Ndipo nikakuuliza urefu wa Nguzo. Nikanyamaza kwa sababu yako hiyo hiyo, ila mimi nilimwogopea Nguzo. Nilijua wewe ungemfukuza kwa barua yenye YAH na nakala tatu.

Hayo ni ya mchezo. Sasa kaa chini.

Mto ulipofika niliuweka mezani nikaenda kumwita Mfupi. Niliporudi Mama alikuwa ameushika, anaugeuza. Akaniuliza, "Huu umeutoa wapi?"

Nikamwambia ni wa Mfupi.

"Si wa Mfupi. Huu nimeushona mimi, kwa gauni langu la maua. Baba yenu alikuwa haoni barabara."

Unajua mdogo wangu kwamba nilikuwa nimesahau kabisa kuwa Baba alikuwa mfupi. Kichwani mwangu alikuwa mrefu. Mama akasema Baba alipoacha usukani alimpa Mfupi mto, kwa kuwa walilingana. Basi nikamweleza kisa chote, wewe na kabati lako, mimi na kiti changu, na madereva wanavyobadilishana kwa siri. Nilidhani atashangaa. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliokosa moja jumlisha moja.

"Kwani nyinyi mlidhani baba yenu alikuwa anaruka?"

Nikakaa. Akanihadithia. Enzi hizo Baba ameajiriwa, hana hata tairi la kwake. Alikuwa akiondoka alfajiri, adhuhuri yuko mizani. Hapo anamkuta mwenzake aliyetoka mjini, wanakunywa chai, wanabadilishana magari, kila mtu anarudi kwake. Na huyo mwenzake, sikiliza vizuri, alikuwa wa kampuni nyingine kabisa. Mabosi wao hawakuwa wakiamkiana. Hao wawili walifanya kazi pamoja miaka kumi na minane, na mabosi walikwenda makaburini hawajui. Ndiyo maana alikuwa mezani kila jioni. Hakuwa na mbio yoyote. Mama anasema alikuwa akiendesha polepole hata kuku walimpita.

Baadaye aliponunua magari yake akawafundisha madereva wake wote mtindo ule. Mimi nilikuwa darasani na wewe ulikuwa forodhani, hatukuuliza magari yanakwenda vipi. Tulikuja tukayakuta yanakwenda.

Nikamuuliza Mama, siku tunagawana, mbona ulinyamaza? Akasema, "Mlikuwa mnapiga kelele. Na mimi nilijua madereva hawajagawana. Nikaona mtawafikia tu."

Mfupi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kofia mkononi. Nikamuuliza ni yeye na Nguzo peke yao? Akasema ni wote kumi na wanne, tangu enzi za Baba mpaka jana. Nikamuuliza kwa nini waliendelea baada ya sisi kutengana.

Akasema, "Mwalimu, hakuna aliyetuambia tuache."

Miaka mitatu, mdogo wangu, tulikuwa kampuni moja na sisi wawili tu ndio tulikuwa hatujui. Nililia kidogo, nikamrudishia mto wake.

Dada yako

*

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama. Ukitafuta YAH hutaiona, nimeitafuta na mimi.

Najua tumeagana mchana wa leo na huna haja ya habari zangu, lakini kuna moja haikuwapo tulipokuwa pamoja.

Nilifurahi kukuona unashuka kwenye gari la Mfupi na vumbi la alizeti kichwani. Siku kiwanda kilipotupa kazi nilidhani hiyo ndiyo furaha yenyewe, kumbe bado. Mzigo wa kwanza unashuka, mzigo wa kwanza unapanda, na sisi wawili tumekaa kwenye benchi la mama wa chai tunabishania nani alipe. Uliponiambia nimenenepa, nilijua yamekwisha. Nilitamani kukaa zaidi, lakini Nguzo alishaingia kwenye gari lako na kukisukuma kiti nyuma, na Mfupi ameshaupandisha mto wake kwenye gari langu. Wewe ukapanda juu na mimi nikashuka chini.

Nimefika nyumbani jua halijazama. Wifi yako alikuwa hajanitengea sahani, alidhani nitapanda na wewe mpaka kwa Mama. Nimenawa, nimekaa mezani na wanangu. Binti akanitazama, akatazama vumbi kwenye viatu vyangu, akaacha kula.

"Baba, si ulisema unakwenda na mzigo mpaka kwa shangazi?"

"Nimekwenda."

"Umekwenda na kurudi leo leo?"

Nilitaka kumweleza, dada. Mizani, benchi, mto, yote. Nimefungua mdomo nikamwona alivyonikodolea macho, na nikamkumbuka mtu mfupi aliyekuwa akikaa pale tulipokuwa tukila, akitusikiliza tunavyojisifu, anatafuna polepole na hasemi kitu.

Nikamwambia, "Ndiyo. Gari letu lina mbio sana."

Mdogo wako